Maketi ya Masini Namba Tatu

Ninyi wa depo mmeniomba niandike. Najua sababu. Nikiongea simalizi, lakini karatasi mtu anaweza kuiweka chini, akaenda kunywa maji, akarudi. Bon, nimeandika. Shule niliacha darasa la nne, donc makosa ya herufi mnisamehe. Makosa ya masini msimsamehe mtu yeyote, hata mimi. Ya vyeo sisemi. Nilipanda, nikasimama, nikapanda tena kidogo, yakaisha. Nitasema habari ya maketi yangu, ile masini ndogo ya bati ambayo wote mnaijua, kwa sababu kazi yangu yote imo ndani yake, na kosa langu kubwa pia limo.

Siku ya kwanza nilifika kazini na shati jeupe. Mama yangu alikuwa amelipiga pasi ya makaa, yeye alifikiri reli ni ofisi. Nilivuka mto asubuhi na pirogi, nikatembea mpaka depo kule Lubunga, na mtu wa kwanza niliyemkuta alikuwa miguu tu. Kichwa chake kilikuwa chini ya masini. Miguu ikasema:

"Weye ni nani?"

"Selemani, papa. Bamenituma ku atelier, kule munatengeneza masini."

"Umevaa shati ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Rudia nyumbani."

Sikurudi. Nilivua shati nikalitundika kwenye msumari wa mlango, na saa sita lilikuwa jeusi bila mtu kuligusa. Huo ndio moshi wa dizeli, wala hauna haja ya kukuomba ruhusa. Yule wa chini ya masini alikuwa Papa Losala, mtu wa mto, wa kule Isangi. Ndugu zake wote walikuwa wavuvi, yeye peke yake aliogopa maji. Alikuwa akivuka mto macho ameyafumba, ameshika ubao wa pirogi kwa mikono miwili. Lakini masini hakuiogopa hata kidogo, na ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua, pamoja na vitu viwili vitatu vya uongo ambavyo niligundua baadaye.

Masini yenyewe ilikuwa namba tatu. Ninyi mmeikuta mzee, sisi tuliikuta bado ina rangi. Masini nzito ya dizeli ya kuvuta mizigo mpaka Ubundu, magurudumu kumi na mawili, injini katikati, radiateur nyuma pamoja na feni kubwa kama meza ya harusi. Ikiwaka asubuhi, kuku wa Lubunga walinyamaza.

Papa Losala alikuwa na desturi yake, na kwake haikuwa na mjadala. Kila kitu utakachotengeneza kwenye masini kubwa, lazima ukitengeneze tena kidogo, kwa bati, kwa mti, kwa waya, utajua mwenyewe. Kama hujakitengeneza kidogo, hugusi kingine kwenye kubwa. Nilimwuliza sababu.

"Vitabu bataiba," akasema. "Nani ataiba bati ya maziwa?"

Wenzangu walifanya vitu viwili vitatu vidogo, wakachoka, wakaanza kumficha. Mimi niliendelea. Msifikiri ni bidii. Wenzangu walikuwa na kaye, wanaandika kila dawa ya kila ugonjwa wa masini, na mimi kuandika kulinitoa jasho kuliko kubeba reli. Kwa hiyo kaye yangu ikawa bati. Nikifungua breki ya kweli, jioni ile ile nakata breki ndogo kwenye soli ya ndala. Vichwa vya silinda nilifanya kwa vifuniko vya dawa ya meno. Honi ni kifuniko cha kalamu. Mlango wa dereva unafunguka, na ndani kuna kiti cha ngozi ya mkanda wangu wa zamani. Magurudumu yote kumi na mawili nilichonga mwaka wa kwanza, kwa mti mgumu, kwa sababu mwaka wa kwanza nilikuwa nazungushwa kwenye magurudumu tu, kupaka mafuta, kupaka mafuta, mpaka naota mafuta.

Sasa kipimo. Siku ya kwanza ya maketi niliuliza, "Papa, nitajua aje ukubwa?" Papa Losala alichukua kle yake ya thelathini na mbili, spana ile ndefu, akailaza juu ya benchi. Kisha akatoa kiberiti mfukoni, akaweka njiti moja kando yake.

"Hii ni hii," akasema. "Kle moja ku kubwa, njiti moja ku ndogo. Imeisha."

Hiyo ndiyo shule yote ya vipimo niliyoipata. Wahandisi walipopita walisema maneno ya moja chini ya nane, mimi nikasema ndiyo, ndiyo, lakini mfukoni nilikuwa na kiberiti changu. Bomba likiwa na kle tano, kwenye maketi lina njiti tano. Nusu kle, unavunja njiti. Robo, unavunja tena. Zaidi ya robo unatumia jicho.

Miaka ikaenda. Niliona masini ikianguka nje ya reli mara tatu, na mara moja tuliiinua kwa magogo na jeki mbili, wiki tatu porini, tunakula kwanga iliyoota nywele. Papa Losala alistaafu akarudi Isangi, akaniachia ile kle. Aliniambia nisiitumie kama nyundo. Niliitumia kama nyundo mara moja, nikajisikia vibaya, basi.

Kisha vita vikaja na askari wake, wa huku na wa kule, na depo ikafunguliwa kama friji ya hoteli. Vitabu vya plan ya masini vilikwenda. Siku moja, mbele ya soko, nilinunua karanga zilizofungwa ndani ya ukurasa wa plan ya breki. Nilimwambia yule mama naomba karatasi nyingine za aina hiyo, akaniambia nimechelewa, nyingine zimefungia samaki. Lakini maketi haikuibiwa. Niliivusha mto vipande vipande ndani ya sufuria, mpaka nyumbani kwangu Kabondo, nikaiweka kando ya kitanda. Mke wangu, Mama Zaina, alikuwa anafagia akiizunguka kama kaburi la mgeni.

Miaka ile kazi depo ilikuwa kidogo, donc nilikuwa na wakati. Upande wa nyuma wa maketi ulikuwa bado mtupu, nikaujaza: radiateur, feni, na lile bomba refu la maji linalotoka kwenye radiateur mpaka kwenye injini kuipoza. Lina kona mbili, bomba hilo. Mti haukubali kona zile, waya hauna tundu. Nilihitaji bomba dogo la shaba. Nililipata. Wapi, nitasema mbele kidogo, nataka kwanza mwendelee kuniheshimu.

Amani iliporudi, masini ikawashwa tena, maketi nikairudisha depo, na baada ya wakubwa wengi kupita akaja Chef Mwamini. Ninyi mnamjua akiwa amekaa vizuri kwenye kiti. Mimi nilimwona akifika. Mwanamke wa kwanza kuongoza depo, kijana, amesoma masini kabisa, na wanaume walikuwa wanamsalimia vizuri mno, kama watu wanaongoja. Djuma alikuwa wa kwanza wao. Djuma fundi wetu wa kukata na kuunganisha chuma, mkono wake muzuri, mdomo wake hauna breki.

Miezi michache kabla sijastaafu, masini namba tatu ikafia njiani, katikati ya pori, kwenye njia ya kurudi kutoka Ubundu. Kule hakuna réseau, simu ni kioo tu. Dereva akatuma mtu na moto, pikipiki, akafika siku ya pili, matope mpaka kwenye meno, na kikaratasi: bomba la maji la nyuma limeoza, limekatika, nusu imeanguka porini hawaioni, leteni jingine. Kipimo? Hakuandika. Dereva muzuri sana, lakini kwake bomba ni bomba.

Sasa mwelewe shida ilikuwa wapi. Nyuma ya masini kulikuwa na mabehewa ya mchele na mihogo, na watu juu yake, wamama na watoto, mvua inawanyeshea. Ndani ya depo nzima kulikuwa na bomba moja tu la unene ule. Moja. Likikatwa vibaya hakuna lingine, si kwetu, si mjini. Na lazima liondoke hapa likiwa tayari na flanji zake, zile sahani za bolti za kila mwisho, zimeunganishwa, kwa sababu kule porini hakuna chalumeau ya kuunganishia. Likiwa refu haliingii, likiwa fupi halifiki. Na wakubwa wa ng'ambo ya mto walikuwa wamekwisha kumwambia Chef Mwamini kwa simu, sote tulisikia, kwamba kama masini haitoki porini wiki ile, depo atapewa mtu mwingine "mwenye uzoefu". Uzoefu maana yake suruali.

Chef Mwamini hakupiga kelele. Alikuja kwenye maketi na pied à coulisse yake, kile kipimo cha chuma, akapima gurudumu dogo. Akatoka uani, akapima gurudumu la kweli la akiba lililolala kwenye majani. Akapima gurudumu dogo la nyuma, kuhakikisha. Sawa sawa. Akapiga hesabu yake kwenye karatasi. Kisha akapima lile bomba dogo la shaba, kona kwa kona.

"Papa Selemani," akasema, "hii maketi iko juste?"

"Chef, mende akiingia mule atatafuta tiketi."

Watu wakacheka. Djuma akasema, "Sasa Chef, tunakata bomba ya kweli na masini ya bati ya maziwa?"

"Djuma, uko na plan?" akauliza Chef.

"Hapana."

"Basi leta chaki."

Alama ikachorwa. Mazutu, dizeli ya jenereta, ilikuwa inafuatwa, donc wangekata baada ya chakula. Mimi nikavuka kwenda kula nyumbani. Nilikuwa na furaha, nisiwafiche. Kazi ya maisha yangu ilikuwa inakwenda kuokoa treni. Kwenye pirogi nilimweleza mtu nisiyemjua, mpaka akahama kiti.

Nyumbani Mama Zaina alikuwa anawasha mbabula kupasha pondu. Njiti ikamchoma kidole, akaitupa.

"Hizi njiti!" akasema. "Zamani ulikuwa unawasha makaa, unasali kidogo, ndiyo unatupa. Sasa unawasha, imekwisha kukula kidole."

Nikacheka. Nikachukua tonge. Na mkono ukasimama hapo hapo ndani ya pondu.

Zamani. Zamani njiti zilikuwa ndefu. Magurudumu nilichonga na njiti za zamani. Siku moja, mwaka ambao siujui, nilinunua kiberiti kingine, nikaendelea na kazi, na haikunijia kichwani hata mara moja kuweka njiti ya leo kando ya njiti ya jana. Kle ilibaki ile ile. Njiti ilipungua. Mbele ya masini yangu na nyuma yake huenda havikupimwa na kitu kimoja, na Chef amepiga hesabu ya nyuma kwa gurudumu la njiti ndefu.

Nikasimama.

"Unaenda wapi?" Mama Zaina akauliza.

"Depo."

"Na chakula?"

"Nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Njiti."

Alinitazama kama unavyomtazama mzee ambaye itabidi uanze kumfungia mlango. Nilipanda toleka, nikamwambia yule kijana wa baiskeli apige pedali, akaniuliza kama kuna mtu amekufa, nikasema bado. Ufukweni pirogi ya motere inangoja kujaa. "Papa, bado batu batatu," mwenye pirogi akasema. Nikaketi. Nikawaangalia wale watu watatu wakishuka taratibu, mmoja na mbuzi, mbuzi anakataa. Nilimbeba yule mbuzi mimi mwenyewe.

Nilipoingia atelier msumeno ulikuwa umekwisha kuingia kwenye bomba, kina cha ukucha.

"Simamisha!"

Djuma akasimamisha. Wote wakanigeukia, watu kumi na tano, na Chef Mwamini katikati yao. Ningeweza kumwita pembeni. Nilifikiri hivyo, niliandika hapa kwamba sisamehewi, donc naandika na hilo. Lakini pembeni ingemfanya yeye aonekane amebadilisha mawazo kwa hofu. Nikasema pale pale, kwa sauti: maketi yangu si juste. Njiti zilibadilika, sikuona. Chef amepima vizuri, kitu alichopima ndicho kibaya, na nilikifanya mimi.

"Mende ameshuka treni," Djuma akasema. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Chef hakucheka.

"Hili bomba dogo," akasema, "ulilifanya na njiti ndefu ao fupi?"

"Sijui, Chef."

"Kama ni ndefu, alama yangu iko sawa. Kama ni fupi, tutapungukiwa shubiri nzima. Fikiri, papa."

Nilifikiri. Niligusa lile bomba dogo la shaba. Mwaka haukuja. Kitu kilichokuja ni mahali nilipolitoa, na nilijua kuna mtu mmoja tu Kisangani nzima anayeikumbuka siku ile vizuri. Nikatoa simu. Simu yangu ni ya zamani, haijui kunong'ona; kila mtu alisikia.

"Mama Zaina, ile friji yetu ilikufa wakati gani?"

"Umekimbia pondu yangu uniulize friji?"

"Jibu tu, mama. Ilikuwa mbele ya njiti fupi, ao nyuma?"

"Friji ilikufa juu ya courant, juu ya umeme. Weye mwenyewe ulisema. Courant ya Tshopo ilipanda, ikashuka, friji ikakufa."

Watu kumi na tano wananiangalia. Mimi naangalia bomba la shaba.

"Haikuwa courant," nikasema. "Ni mimi nilikata bomba yake. Ya maketi."

Kwenye simu nilisikia kuku, nikasikia mbabula ikipasuka makaa, kisha nikasikia:

"Selemani."

Nyumbani mwangu mimi ni Baba Zaina. Jina langu nililisikia mdomoni mwake siku ya ndoa na siku hiyo.

"Selemani, nilimutukana fundi ya courant juu ya ile friji. Mbele ya bibi yake! Mpaka leo hatusalimiane!"

"Najua, mama. Lakini njiti."

"Njiti, njiti! Nilikuwa na samaki, kapiteni nzima, mule ndani, nilipika yote siku moja juu isioze. Mbabula mbili. Nilichoma hiki kidole, na hiki, na hiki, juu ile kiberiti kipya ilikuwa imeingia ku soko wiki ile, na hakuna mutu aliniambia njiti yake ni ya watoto. Umesikia sasa? Fupi! Ilikuwa tayari fupi!"

Chef Mwamini akasogea kwenye simu. "Asante sana, mama."

"Weye ni nani?"

"Ni Chef yake."

"Mukikata hiyo bomba, mumukate na yeye."

Simu ikakatika. Chef alifuta alama ya chaki kwa kiganja. Nikachukua njiti kutoka kwenye kiberiti cha Djuma, zile zile fupi, nikazilaza kando ya bomba dogo: tano, bila kuzidi. Tukalaza kle ya Papa Losala juu ya bomba kubwa, mara tano. Alama mpya ikaanguka shubiri moja mbele ya ile ya kwanza. Djuma alijaza ule mkato wa msumeno kwa soudure, chuma cha kuyeyushwa, akakata, akaunganisha flanji, akavua miwani. Kisha akalifunga bomba kando ya moto ile na kamba za mpira, akaondoka nalo yeye mwenyewe.

Siku tatu Chef alikuwa anakuja kazini kabla ya mlinzi. Nilimletea chai, akainywa imepoa. Siku ya tatu mchana tulisikia honi upande wa pori, na kuku wa Lubunga wakanyamaza. Wamama walishuka na mihogo imeanza kunuka, wakatutukana wote kwa zamu, Kiswahili na Lingala, na walikuwa na haki. Dereva alishuka mwisho. "Bomba iliingia yenyewe," akamwambia Chef. "Juste." Wakubwa wa ng'ambo walipiga simu jioni ile kumpongeza, na yeye aliwajibu "Asante, nina kazi," akaweka simu.

Mimi hakunipongeza, wala sikutaka. Aliuliza swali moja tu.

"Papa, ukienda, hii maketi inabaki na sisi?"

"Inabaki, Chef."

"Na batakaokuja, batajua aje iko na vipimo viwili?"

Nilifikiri kuandika karatasi, karatasi huanguka. Nilifikiri kupaka mstari wa rangi. Rangi hufutwa na mtu anayependa usafi. Asubuhi niliushika msumeno wa mkono, nikaiweka maketi kwenye benchi, nikatafuta mahali ambapo njiti ndefu ziliishia, nyuma tu ya injini. Djuma akaja mbio, yule yule.

"Papa, acha! Iko muzuri sana vile!"

"Shika hapa," nikamwambia, "isitingishike."

Akashika. Ilichukua muda wa kupika wali. Miaka yote ile, na bati ya maziwa ni laini, kumbe.

Sasa ziko meza mbili, nusu ya mbele juu ya ya kwanza, nusu ya nyuma juu ya ya pili. Kwenye meza ya kwanza kle moja ni njiti ndefu, na njiti hiyo nimeichonga mpya kwa mti, kwa kupima magurudumu, nimeipigilia pale. Kwenye meza ya pili kle moja ni njiti ya dukani. Siku ya kuniaga mlitaka kuileta imeunganishwa tena na kupakwa rangi, ipendeze kwenye picha. Nilikasirika mbele ya keki, mnisamehe hilo. Wageni watakuja tena kuwaomba muiunganishe. Ikionekana nzima, mtu ataipima nzima. Atakayefungua atelier asubuhi apitishe mkono wake katikati ya meza zile mbili. Mkono ukipita bila kugusa bati, aendelee na kazi.